Maji Yaliyofika

Mwalimu wa Mikono alikuwa na baiskeli, na katika miaka yote niliyosoma kwake sikumwona ameipanda njiani hata siku moja. Aliisukuma. Asubuhi aliiteremsha kutoka kwake hadi shuleni, ameshika usukani kwa mikono miwili, mfuko wa vitabu umefungwa nyuma kwa kamba ya mgomba, na jioni akaipandisha hivyo hivyo. Watu wa kijiji chetu, Maji ya Chai, walimcheka mpaka wakachoka. Aliyemwuliza kwa nini asiiuze alijibiwa kwamba bado anajifunza, na kweli alijifunza, Jumamosi mchana, kwenye uwanja wa kanisa penye nyasi nene, akarudi kwa mkewe na tope magotini. Naanza na hilo makusudi. Siku hizi wanaomkumbuka humsimulia kana kwamba alikuwa malaika, na mimi sipendi. Alikuwa mtu mzima asiyeweza kuendesha baiskeli, na hakuona aibu kuonekana akianguka.

Jina alikuwa nalo, na la ubatizo pia, lakini hakuna aliyelitumia. Shule yetu ilikuwa ya misheni, vyumba vitatu vya udongo chini ya mashamba ya kahawa, darasa la kwanza hadi la nne. Wenzake walifundisha hesabu, Biblia na jiografia. Yeye alipewa kazi za mikono: kusuka vikapu, kushona vifungo, kitalu cha miche ya kahawa, na mwandiko. Wenzake waliona amepewa masalio, lakini yeye hakuona hivyo. Alituambia kwamba mtoto asiyejua hesabu anaweza kumwuliza jirani, ila hakuna jirani atakayemfungia vifungo maisha yake yote.

Sasa, kila shule ina watoto wa namna yetu. Mtoto ana akili zake timamu, miguu miwili, mikono miwili, hana homa wala kilema, lakini ukimrushia mpira unampiga usoni. Akipewa chungu kinavunjika. Akivuka mfereji juu ya gogo, wenzake wanasimama kumtazama, maana wanajua ataingia majini. Kwetu tuliitwa wazembe, na mimi nilikuwa kiongozi wao. Vyungu vya mama nilivyovunja sivihesabu. Mama hakuwa mkali, maskini, alikuwa anaogopa tu. Nilimsikia akimwambia baba kwamba mtoto wa kike asiyeweza kujitwika maji mlimani hapa, ataolewa na nani? Baba alisema tuombe. Tukaomba, na wiki ile ile nikavunja kingine.

Mwalimu wa Mikono hakutuita wazembe. Alitukusanya sita, wa madarasa mbalimbali, akatupa kazi ya kumwagilia kitalu. Wenzetu walidhani ni adhabu, na sisi pia. Kutoka kwenye mfereji wa maji hadi kitaluni palikuwa na mteremko, gogo la kuvuka, kisha kichochoro katikati ya migomba. Alitupa kibuyu kimoja, cha mdomo mpana, na kila mmoja alibeba kwa zamu, kichwani, juu ya ngata. Kuweka jani juu ya maji yasiruke, kama wanavyofanya wanawake wote, alikataza. Ukifika, maji yako yanamiminwa kwenye kopo refu la bati. Hapo Mwalimu anatumbukiza tete, unyasi ule mgumu unaoota mferejini, analitoa, anatazama lilipolowa, anakata alama kwa kisu. Kila mtoto alikuwa na tete lake. Aliyachomeka kwenye fito za paa la darasa, sita kwa mstari, na ilikuwa marufuku kulishika tete la mwenzako au kulilinganisha na lako.

Siku ya kwanza mimi nilifikisha maji ya kulowesha ncha tu. Nilikuwa nimelowa mpaka kiunoni. Nikaanza kujitetea, kwamba gogo linateleza, kwamba fulani amenichekesha. Akanikatiza.

"Mimi nimeuliza maji yaliyofika," akasema. "Yaliyomwagika sijayauliza."

Maneno hayo aliyasema mara nyingi kiasi kwamba wenyeji waliyachukua. Mpaka leo, kwetu, mtu akilalamika kwamba mvua imemharibia maharage, jirani humwuliza yaliyofika ni mangapi.

Alikuwa na vipimo vingine. Saa hakuwa nayo, kwa hiyo muda alipimia Baba Yetu. Unasimama mbele yake, shati wazi, anaanza kusali kwa mwendo ule ule wa kila siku, hakimbii wala hachelewi, na wewe unafunga vifungo. Nilipoanza, kifungo cha kwanza kilikuwa hakijaingia mpaka "Utupe leo riziki yetu." Baada ya miezi mitatu nilifika hapo nikiwa na viwili. Akaandika. Kulikuwa na mtoto wa mwenye duka pale barabarani, watu waliotoka Kondoa, Waislamu, na baba yake aliposikia mwanawe anafungishwa vifungo kwa Baba Yetu alikuja juu kama moto. Mwalimu akamsikiliza mpaka mwisho, akamwomba radhi, kisha akamwuliza ni sala gani yao ambayo urefu wake haubadiliki. Yule mzee hakulitegemea swali hilo. Wakakaa kwenye benchi la nje, akamsomea Alhamdu mara tatu, Mwalimu akihesabu kwa mapigo ya mshipa wa mkono. Tangu siku hiyo yule mtoto alipimiwa Alhamdu, akiisoma mwenyewe, na baba yake akawa analeta sukari shuleni.

Msidhani alikuwa mpole. Sifa alizibania kama chumvi ya vitani. Ukipanda alama mbili, alisema "imepanda," basi. Ukishuka alisema "imeshuka," kwa sauti hiyo hiyo. Wazazi ndio waliomkasirisha, hasa mzazi wa kusema mbona mtoto wa fulani anaweza. Alimwambia mama yangu mbele ya watu kwamba siku atakayomlinganisha tena mwanawe na wa jirani, na yeye atalinganisha wali wake na wa jirani, kwa sauti, baada ya ibada. Mama alinuna mwezi mzima. Na kiboko alikuwa nacho. Kwa kuanguka hukuchapwa, kwa kuvunja hukuchapwa, lakini kudanganya kipimo, ole wako. Mtoto mmoja aliongeza maji kwenye kopo kutoka mferejini, akachapwa, kisha Mwalimu mwenyewe akakaa chini kwenye nyasi, ameshika kichwa. Alisema umeniibia. Wakati ule sikuelewa ameibiwa nini, maji yako tele.

Nieleze sasa habari ya kibuyu, maana bila hiyo nitakuwa nimemsifu bure.

Mwaka wangu wa darasa la nne, mwalimu mkuu aliamua kunifuta. Hakuwa mtu mbaya. Mwandiko wangu haukusomeka, hata mimi mwenyewe nilishindwa kuusoma, na mtihani wa kwenda darasa la tano ulikuwa wa kuandika. Nafasi zilikuwa chache, watoto waliokuwa wakingoja nje walikuwa wengi. Alisema sina faida ya kukalia benchi. Mwalimu wa Mikono akamwomba angoje mkaguzi aje, amwonyeshe tete langu, aone kwamba mkono huu unapanda, na kwamba ukipanda kwenye maji na vifungo utapanda na kwenye kalamu. Mwalimu mkuu alikubali kwa shingo upande. Kwa hiyo masomo yangu yote yalibaki kwenye lile tete. Nilikuwa na miaka kumi na moja na nililijua hilo vizuri sana.

Na alama zangu zilikuwa zimegota. Wiki tatu tete halikupanda hata unywele.

Basi kile kibuyu cha shule kikapasuka, safari hii si kwa mkono wangu. Mwalimu akauliza nani anaweza kuleta kingine cha ujazo huo huo. Nikanyoosha mkono. Nyumbani vilikuwepo viwili vya ujazo huo. Kimoja cha mdomo mpana, kilikuwa mbele, karibu na mlango. Cha pili kilikuwa cha maziwa, cha shingo nyembamba, mama alikining'iniza juu ya moshi. Mimi nilikuwa nimeshabeba maziwa katika kile kibuyu na nilijua: hata ukipepesuka, hakimwagi. Nikapanda juu ya kigoda nikakitungua cha maziwa. Mama nilimwambia Mwalimu amekitaka hicho. Mwalimu akakijaza, akayamimina maji kwenye kopo, akaona ujazo ni ule ule, akaridhika. Mdomo hakuutazama. Alikuwa na haraka, mkaguzi alikuwa amekaribia.

Wiki ile tete langu lilipanda alama nne. Haki ya Mungu, nilifurahi, nikasahau kabisa kwa nini limepanda.

Kilichoniponza ni hesabu. Kibuyu kilikuwa cha wote, na matete ya wote sita yalipanda. Siku moja kabla ya mkaguzi, Mwalimu aliyashusha yote kwa pamoja kutoka kwenye paa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akayapanga mezani. Tulimwona kutoka mlangoni. Aliyatazama muda mrefu. Kisha akakichukua kibuyu, akaingiza vidole kwenye mdomo wa kibuyu, vikaingia viwili tu.

Mkaguzi alikuwa Mzungu aliyejifunza Kiswahili chake pwani, akakisema vizuri kuliko sisi, na hilo lilitutia woga zaidi. Tulisimama kitaluni: yeye, mwalimu mkuu, Mwalimu wa Mikono na mimi. Nilijua Mwalimu ana njia mbili. Anaweza kuonyesha tete na kunyamaza, nami nimepona. Akasema kabla hajaulizwa.

"Alama hizi nne za juu si za mtoto, ni za kibuyu. Nilipima ujazo, sikupima mdomo. Kosa ni langu."

Mwalimu mkuu alimgeukia kana kwamba amepigwa kofi. Mimi nilitazama miguu yangu. Kitu kimoja tu kilikuwa cha kusema, na aliyekuwa nacho ni mimi peke yangu, na nikanyamaza. Yeye aliamini nimeleta kilichokuwepo nyumbani. Wala hakunitazama kwa shaka. Aliomba apime tena, palepale, kwa kibuyu cha mdomo mpana alichokiazima usiku kwa jirani, na mkaguzi akakubali.

Nikabeba. Sikumbuki njia, nakumbuka maji yakinishuka shingoni. Tete likalowa mpaka juu kidogo ya alama yangu ya mwisho ya kweli, upana wa punje ya mtama. Mwalimu akasema "imepanda." Mkaguzi aliinama akaitazama ile nafasi ndogo, akasema kwamba mtu anayejishitaki mwenyewe, punje yake ya mtama yeye ataiamini. Nikaruhusiwa kurudia darasa la nne mwaka mmoja. Mwaka uliofuata nilifaulu, kwa tabu, wa mwisho kwenye orodha, lakini jina lilikuwemo.

Yeye hakupona. Mwalimu mkuu aliona amefedheheshwa mbele ya mgeni na mtu anayechezesha watoto maji wakati wa masomo, tena asiyejua hata kupima anachojidai kupima. Kabla ya muhula kwisha alihamishiwa shule ya Moshono. Mama alimkuta siku ya kuondoka, anaota moto wa asubuhi, na matete sita ndiyo yaliyokuwa yanaungua. Akamwuliza mbona anachoma mali ya shule. Akamjibu kwamba si mali, ni makosa. Mama alinisimulia hayo huku anachambua mchicha, hajui anamwambia nani. Nilitoka nje nikalia nyuma ya banda la ng'ombe, na hata baada ya kulia sikumwambia mtu.

Miaka ikapita. Nikasoma shule ya kati ya wasichana, nikaenda ualimu, nikarudi na cheti. Serikali ya Waingereza ilikuwa bado ipo, ingawa watu walishaanza kusema kwa sauti kwamba haitakaa. Nilipangiwa shule moja mjini Arusha, upande wa Engutoto, darasa la kwanza, watoto zaidi ya hamsini. Wiki ya pili nikawaona. Walikuwa watatu. Mmoja, binti mdogo wa fundi cherehani, alianguka kutoka kwenye benchi akiwa amekaa, hajaguswa na mtu. Darasa likacheka. Mimi niliyajua magoti yale.

Nikajaribu kufanya kama alivyofanya yeye, nikashindwa. Nilikumbuka kopo na tete, lakini sikujua ni mara ngapi kwa wiki, wala anaanzia wapi na mtoto mdogo hivi, wala ukigota unafanyaje. Hayo alikuwa nayo yeye kichwani. Kwa hiyo Jumamosi moja nikashika njia ya Moshono kwa miguu. Alfajiri, kabla ya kutoka, nilikata jani la sale kwenye uzio wa mwenye nyumba wangu, nikalitia kikapuni. Kwetu mlimani, na kwa Wachaga vilevile, aliyekosa akimpelekea jani hilo aliyemkosea, mwenye haki hawezi kumfukuza. Njiani nikaghairi. Nikajiambia nitauliza njia yake ya kufundisha tu, nimshukuru, niondoke, mambo ya watoto ya nini kuyafukua.

Nilimkuta amekaa kibarazani, amestaafu, ndevu nyeupe, anachonga mpini wa jembe. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanitazama mikono kwanza ndipo akatazama uso. Akanijua. Alifurahi, jamani, mpaka mkewe akatoka jikoni kuona kuna nini. Aliponisikia nimekuwa mwalimu aliuweka mpini chini. Nikamweleza habari ya wale watoto watatu, nikamwomba anifundishe.

Furaha ikamtoka. Akasema ile njia niiache, ilikuwa na kasoro. Alipima siku nne mfululizo kwa kibuyu kisicho chenyewe asione kitu kilicho mbele ya macho yake, na mtu wa namna hiyo hafai kupima watoto wa watu. Hapo Moshono hakupima tena. Alifundisha vikapu. Alilisema hilo bila uchungu, na ndilo lililonimaliza.

Nikalitoa jani. Lilikuwa limenyauka kidogo. Nikaliweka magotini pake kwa mikono miwili.

Akashangaa. "Wewe umenikosea nini, mwanangu?"

"Nyumbani vilikuwepo viwili," nikasema. "Cha mdomo mpana kilikuwa karibu na mlango. Nikapanda kigoda nikachukua cha maziwa, kwa sababu nilijua hakimwagi. Hukukosea wewe."

Mkewe alirudi ndani polepole. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira, nimejiandaa hata kwa kicheko, na hakikuja kimojawapo. Alilishika jani, akaligeuza upande huu na upande ule. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. Nikamwambia nisamehe, Mwalimu. Nikasema tena.

"La kwangu nimelipokea," akasema mwishowe. "Lakini wale waliokuja baada yako, utawapelekea nini?"

Nikamwuliza wepi. Akaniambia kwamba walikuja kila mwaka, Moshono kama kule mlimani. Aliwatambua siku ya kwanza kwa jinsi walivyoshika jembe. Akawapita. Alijiambia heri wasipimwe kuliko kupimwa vibaya. Wengine walifutwa, wengine walichoka kuchekwa wakaacha wenyewe, na kulikuwa na binti mmoja aliyekuwa akijificha chooni saa ya mpira. Wote wako hapa hapa, akasema, wengine wameshaolewa, walio wadogo bado wangefaa kurudi shule, na wengine wana watoto, na watoto wale nao amewaona wakivuka mfereji.

Aliinuka, akaingia ndani, akatoka na kigoda cha pili, akakiweka karibu na chake.

"Daftari unalo, Mwalimu?" akaniuliza.

Nikalitoa. Akaanza kuwataja, jina la mtoto, jina la baba, na nyumba ilipo, bila kusitasita, kana kwamba alikuwa akiwahesabu kila siku. Jina la tatu nikamwomba apunguze mwendo, mkono wangu haukuweza kumfuata. Akapunguza.